LEGO za zamani: kipi ununue kwanza ukiwa Unguja au Pemba

Boksi la bei kubwa kuliko yote niliyowahi kununua liliozea ndani ya kasha la bibi. Ilikuwa seti ya LEGO, vile vitofali vya plastiki vya watoto kujengea, ya miaka ya 1980, haijafunguliwa hata siku moja, na aliyeniuzia kutoka Ulaya alilizungushia nailoni mara tatu. Nikalitia kashani juu ya kanga zilizokunjwa, nikajiona nimeweka akiba. Yakapita masika mawili. Nilipofungua nikakuta koga nyeusi imepanda pembe zote, gundi imeachia, na mende wamekula karatasi hadi kwenye picha. Nikalichana. Ndani yake vitofali vilikuwa vikavu, vinang'aa, kama vimetoka kiwandani asubuhi ile.

Tangu hapo nina kipimo kimoja tu cha kununulia: hewa yetu inakula karatasi na chuma, plastiki inaiacha. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huweka boksi lililofungwa juu kabisa, na kwao wana haki, nyumba zao ni kavu. Mimi nakaa hatua chache kutoka baharini, madirisha wazi mchana kutwa, na kibaridi changu ni feni. Kwa hiyo mpangilio wangu umepinduka, na naamini ndio unaomfaa mtu wa visiwani.

Kabla ya kutoa pesa, shika miaka michache. Kampuni ilianzishwa 1932 na fundi seremala, Ole Kirk Kristiansen, katika mji wa Billund, Denmark. Kitofali tunachokijua leo, chenye vinundu juu na mirija ndani, kiliandikishiwa hataza tarehe 28 Januari 1958, na cha mwaka huo, kama hakijapinda, bado kinashikana na kilichotengenezwa wiki iliyopita. Hilo ndilo linalofanya vya zamani viwe na maana: havikai kabatini kama sahani za harusi, unajenga navyo. Mwaka 1963 plastiki ilibadilishwa, ikaja hii ngumu ya ABS. Mwaka 1978 wakaja vijitu vyenye mikono na miguu inayogeuka. Na 2004 rangi ya kijivu ilibadilishwa. Hili la kijivu nitalirudia, maana limeniokoa mara nyingi.

Namba moja: mchanganyiko wa kilo

Anza hapa. Usianze pengine.

Mwaka jana nilipita Darajani baada ya alasiri, kwa wauza vitu vilivyotumika, nikaona ndoo ya rangi imejaa midoli: magari yasiyo na tairi, mikono ya wanasesere, na chini kabisa vitofali.

"Ami, ndoo hii kiasi gani?"

"Toa elfu ishirini, mwanangu."

Nikampa kumi na tano, nikachukua vilivyomo, akabaki na ndoo yake. Nyumbani nikamwaga vyote kwenye sinia la pilau nikachambua kama mchele, chuya huku, mawe kule. Zaidi ya nusu vilikuwa vya kuiga. Lakini katika vilivyobaki mlikuwa na mabawa mawili ya chombo cha anga, bamba la buluu, na kijitu chekundu chenye kofia ya mwanaanga na sayari ya njano kifuani. Kofia ile ina ukanda mwembamba wa kidevuni, na kwenye za miaka ile ukanda huo hupasuka katikati. Yangu ilikuwa imepasuka kama uzi. Kijitu chenyewe ni kizima, na kipo mezani hapa ninapoandika.

Namna ya kuchambua ni hii. Chukua kitofali cha kawaida, kielekeze kwenye mwanga, utazame vinundu. Cha kweli kimeandikwa LEGO juu ya kila kinundu, herufi ndogo lakini za wazi. Kijitu nacho mvue kichwa: kinundu cha shingoni kina jina hilo hilo. Kisha shikanisha viwili, ninginiza kimoja, tikisa. Cha kweli hakidondoki, na ukivitenganisha havikulazimishi kutumia meno. Ukiona alama za meno, ujue mtoto aliyetangulia hakuwa na subira, na bei ishuke. Ninaposema cha kuiga simaanishi kila kisicho LEGO. Tente ya Hispania, kwa mfano, iliyoanza 1972, ni mchezo wenye historia yake na watu wanaukusanya. Ninachokataa ni kile kilichokuja kimevaa sura ya mwenzake.

Sasa kijivu. Kijivu cha kabla ya 2004 kina joto, kinaelekea kwenye rangi ya majivu ya kuni. Kilichokuja baadaye kina ubuluu ndani yake, kama wingu la mvua. Viweke viwili pamoja kando ya dirisha na utaviona hata kama hujawahi kuambiwa. Mfuko ukiwa na majivu mengi kuliko mawingu, lipa bila kusitasita.

Njia nyingine ya kupata kilo ni jamaa. Ukiwa na khaloo au binamu Copenhagen, London au Toronto, usimwombe seti kwa jina. Mwombe apite kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, anunue mfuko wa vitofali vilivyochanganyika, akija likizo autie pembeni mwa sanduku. Kitofali cha vinundu vinane kina uzito wa gramu mbili na kidogo tu, hivyo kilo moja ni mamia ya vipande, na kilo mbili hazimharibii mtu safari.

Namba mbili: seti kamili, imefunguliwa, haina boksi

Ukishakuwa na jicho, panda hapa. Muuzaji huko nje anapunguza bei kwa sababu boksi halipo, na wewe boksi lenyewe ungelipoteza masika ya kwanza. Anachokiona yeye kuwa kasoro, kwako ni nafuu.

Kuna familia tatu ninazozipendekeza. Ya kwanza ni ngome. Ile ya njano, namba 375, ilitoka 1978 na vijitu kumi na vinne, na kuta zake zimejengwa kipande kwa kipande. Farasi nao unawajenga kwa vitofali, maana farasi wa kumiminwa mzima alikuwa hajaja. Njano yake haidanganyi: ikikaa juani inabadilika, kwa hiyo omba picha ya ukuta wa mbele na wa nyuma pamoja. Ya pili ni anga. Chombo kikubwa cha 1979, namba 928, kina vipande zaidi ya 300 na vioo vya njano. Omba picha za vioo hivyo kwa karibu, kwa sababu mikwaruzo huonekana hapo kwanza. Ya tatu ni maharamia, 1989. Jahazi lao kubwa, namba 6285, lina matanga ya kitambaa, na kwangu mimi niliyekua nikiona majahazi yakiingia Malindi ya hapa Unguja, hakuna seti iliyonigusa kama hiyo. Matanga hayo ndiyo sehemu dhaifu. Yakija na madoa ya koga, yafue kwa mkono kwa sabuni laini na uyakaushe yamelala. Vijitu vya maharamia ndivyo vya kwanza kuwa na nyuso tofauti, ndevu na kitambaa cha jicho. Kabla yao wote walikuwa na macho mawili na tabasamu moja.

Muulize muuzaji swali moja tu: umehesabu vipande kwa orodha, au unakisia? Anayekisia akupe bei ya kukisia. Vikikosekana vitatu vinne si msiba. Soko la mtandaoni la BrickLink, lililoanza 2000 na kununuliwa na kampuni ya LEGO yenyewe 2019, linauza kipande kimoja kimoja. Usiagize kipande kimoja, usafiri utakuwa ghali kuliko kipande. Andika upungufu wako wote wa mwaka, uagize kwa pamoja hadi kwa jamaa anayekuja. Kijitabu cha kujengea nacho kisikuongezee bei: vya kuanzia 1996 vipo bure kwenye tovuti ya kampuni, na vya zamani zaidi wapenzi wa LEGO wamevipiga picha na kuviweka mtandaoni.

Namba tatu: Technic zisizo na mota

Hizi ni seti za LEGO za mitambo, zilianza 1977, zina gia, ekseli na mihimili yenye matundu. Fremu ya gari ya 1980, namba 8860, ina pistoni zinazopanda na kushuka, usukani unaofanya kazi na difrensha ya kweli. Mtoto anayeshinda gereji ya mjomba wake ataielewa kabla hujamweleza. Angalizo ni moja: tairi za mpira zisilale juu ya vitofali miaka na miaka, zinaacha doa lisilotoka. Zitie mfuko wa peke yake.

Namba nne: boksi lililofungwa

Nunua ikiwa una chumba chenye kiyoyozi kinachowaka siku zote, au ikiwa unanunua ili ulifungue wiki hiyo hiyo. Vinginevyo mwachie mwenye nyumba kavu.

Namba tano: treni na chochote chenye umeme

Inaniuma kuziweka huku, maana treni za LEGO ni nzuri mno. Lakini nimefungua kisanduku cha betri cha treni ya volti 4.5 kilichokaa mtaa wa Ng'ambo, hapa Unguja, miaka mingi, na pale penye chuma palikuwa na unga wa kijani unaomeguka kwa kucha. Treni za volti 9, zilizoanza 1991, zinapitisha umeme kwenye reli zenyewe, na reli zina chuma juu. Chumvi ya bahari inakitafuta chuma hicho usiku na mchana. Mota za miaka hiyo pia zina waya ambazo ganda lake hukauka na kuvunjika. Ukiipenda lazima, muuzaji akutumie video treni inatembea, na nyumbani ufute reli kwa kitambaa kikavu kila mwezi, betri zikae nje.

Ya kuacha: vitofali vya kabla ya 1963

Plastiki yao ya zamani hupinda yenyewe. Utavilipia pesa ya historia na vilivyopinda havitashikana.

Ukishavifikisha nyumbani

Osha kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni ya kawaida ya vyombo. Maji ya moto ya chai yanaharibu umbo. Vyenye stika au waya usivitie majini kabisa. Halafu vianike kivulini, kwenye upepo. Najua mkono utataka kuvipeleka juu ya paa kama karafuu kwenye jamvi, usifanye hivyo: jua ndilo linalogeuza nyeupe na kijivu kuwa manjano. Vilivyokwisha kugeuka vinarudi kwa kuloweshwa kwenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa ndani ya chombo cha kioo kilichowekwa juani kwa saa kadhaa, ukivigeuza mara kwa mara, na hapo tu ndipo jua linakusaidia. Manjano yanaweza kurudi baada ya muda, kwa hiyo mimi nafanya hivyo kwa vipande vya mbele vinavyoonekana, vya ndani naviacha.

Hifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, vikiwa vikavu kabisa, mbali na dirisha. Kijitabu kama unacho, kipige picha kurasa zote siku ile ile kilipofika, kabla mvua haijaanza.