Popi na bakuli lisiloshiba: kliniki ya mifugo ya Majengo, Moshi

Huwa nalea mbwa kwa muda wakati wanatafutiwa watu wa kuwachukua moja kwa moja. Popi ni wa nne. Alifika kwangu Pasua mifupa mitupu, anajikuna mpaka damu. Duka moja la dawa za mifugo lilinipa vidonge vyeupe ndani ya kikaratasi kisichoandikwa kitu: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kujikuna kulipungua, sikatai. Ila wiki ya pili akaanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Usiku anakojoa ndani, mkojo hauna rangi wala harufu.

Jirani akaniambia niondoe bakuli ikifika magharibi. Nikaondoa. Alfajiri nikamkuta kichwa chote kimo kwenye ndoo ya nguo nilizoloweka kwa sabuni ya unga, anakunywa povu. Niliumia sana. Siku hiyo hiyo nikampeleka kliniki ndogo ya mifugo kule Majengo.

Daktari hakukimbilia sindano, na hapo ndipo aliponipata. Mizani ya mbwa hawana, kwa hiyo alimbeba Popi akapanda naye kwenye mizani ya watu, kisha akapanda peke yake, akatoa: kilo 14. Akaniambia, "Mama, kwanza rudisha bakuli. Usimnyime maji kabla hatujajua yanakwenda wapi." Kama figo ndizo zinapitisha maji, kumnyima ni kumkausha. Mbwa akivuka mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, hiyo si kiu ya kawaida. Kwa Popi ni lita 1.4.

Kazi yangu ikawa kupima siku tatu. Kila asubuhi nilijaza chupa mbili za lita moja na nusu na moja ya akiba, namimina kutoka humo tu, ndoo zote zimefunikwa, kesho yake napima kilichobaki. Siku ya kwanza mililita 2,900, ya pili 3,100, ya tatu 2,800. Mkojo wa alfajiri niliukinga kwa upawa wa zamani nilioufunga kwenye fimbo, maana ukimsogelea anaacha.

Daktari akadondosha tone moja la mkojo kwenye kioo cha kifaa chake cha kupima uzito wa mkojo, akakielekeza dirishani na kuchungulia: 1.008, karibu sawa na maji matupu, ambayo ni 1.000. Kijiti cha kupima sukari kwenye mkojo hakikubadilika rangi, yaani sukari haimo. Akauliza mara ya mwisho Popi alikuwa kwenye joto la kutaka dume lini, akamminya tumbo taratibu, kwa sababu jike ambaye hajafungwa kizazi anaweza kujaa usaha huko ndani na dalili ikaanza na kiu. Halafu akasema, "Hebu nionyeshe dawa anazokula."

Nikatoa kikaratasi. Baada ya kukigeuza kidonge na kusoma maandishi yake madogo, akasema ni prednisoloni. Dawa hiyo inatuliza muwasho, lakini inamfanya mbwa akojoe sana, na akikojoa sana lazima anywe. Nilitaka kuitupa palepale. Akanizuia: mwili ukishaizoea, haikatwi ghafla. Aliniandikia ratiba ya kupunguza kidogo kidogo, kwa mkono, herufi kubwa. Muwasho wenyewe? Viroboto. Alipakwa dawa ya matone shingoni.

Nililipa 35,000 kwa safari zote mbili, dawa ya viroboto ikiwemo. Nawapa nyota nne. Ya tano naibakiza kwa sababu kipimo cha damu cha figo hawana, sampuli ingebidi ipelekwe kwingine, na benchi la kusubiria liko juani huku mbwa wakitazamana macho kwa macho. Nenda mapema, saa mbili.

Kidonge cha mwisho alikula wiki iliyopita. Juzi alikunywa mililita 900, jana 850. Leo alfajiri bakuli lilikuwa na maji nusu, sisimizi mmoja anaelea juu, na Popi amelala sakafu kavu.