Nimebeba simiti kwa Vitz miezi minne: racheti, elastiki ama blada?

Niaje watu wangu, karibuni tena kwa chaneli. Leo niko huku Joska, hiyo kelele mnasikia huko nyuma ni fundi na vijana wake wanakoroga zege, kwa hivyo nikipaza sauti msidhani nawafokea. Wengi mmekuwa mkiniuliza kwa komenti, wewe na hiyo Vitz yako unajenga aje, pikapu huna, lori huna, na kila Jumamosi tunakuona Kangundo Road buti limejaa. Sasa leo nawaonyesha vitu vyenye nimenunua vya kufunga mzigo, vyenye vilifanya kazi na vyenye vilinitoa jasho, na nitasema bei nilinunua, bei ya kwako itategemea unavyojua kubembeleza.

Lakini kabla nitoe kitu hapa kwa mfuko, wacha niwaambie venye nilianza, ndio muone ujinga ulitoka wapi. Siku ya kwanza nilibeba mifuko sita ya simiti. Sita! Kila mfuko ni kilo 50, hiyo ni 300, mimi mwenyewe ni kilo 82, fundi amekaa hapo kando yangu tuseme 70. Kutoka Umoja gari ilikuwa inaenda kama bata, matako chini pua juu. Usukani ukawa mwepesi ajabu, nikafurahi eti leo gari inasikia vizuri, kumbe uzito wote umeenda nyuma na magurudumu ya mbele yamebaki yanagusa lami kwa adabu tu. Watu wakaanza kunipigia mataa nikadhani kuna polisi mbele, kumbe ni mataa yangu yanawamulika machoni kwa sababu pua imeangalia mbinguni. Tukifika karibu na Njiru matatu ikasimama katikati ya barabara kushusha mtu, si mnazijua, hakuna indiketa hakuna salamu. Nikakanyaga breki. Gari ikasimama, lakini simiti haikusimama. Mifuko miwili ya juu ilikuja mbele ikagonga mgongo wa siti ya nyuma, nikasikia ile kitu inasema KWAA, na vumbi ya simiti ikajaa gari yote. Fundi akaniangalia akasema, "Bosi wangu, hii ingine mimi nitakuja na matatu."

Na alikuja na matatu kweli, wiki mbili.

Hiyo siku nikienda nyumbani nikatoa zile karatasi za Japani gari ilikuja nazo. Yangu imeandikwa gari tupu kilo 1,000, na uzito wote ikiwa imejaa kilo 1,275. Hiyo tofauti ya 275 imetoka wapi? Ni watu watano, Wajapani kwa makaratasi yao wanahesabu kila mtu kilo 55. Sasa fanya hesabu na mimi. Toa mimi 82, imebaki 193. Hiyo ni mifuko mitatu na vitu vidogo vidogo, basi. Nikibeba fundi inakuwa mifuko miwili. Najua kuna mtu ashaanza kuandika huko chini eti yeye hubeba minane na gari haijawahi lalamika. Sawa ndugu yangu, gari hailalamiki, ni springi na bearing ndio hulalamika, na hulalamika kwa gereji pesa ikiwa ni yako.

Haya, bidhaa. Ya kwanza ni hizi elastiki, hizi kamba za rangi zenye ndoano mbili, nilinunua kwa mtu anapitisha kwa trafiki, sita kwa shilingi 300. Zinakaa poa, unavuta unafunga dakika moja umemaliza. Sasa angalieni, nimefunga hii boksi ya tailis hapa, nilipima kwa mizani ya bafu ikanipa kilo 26. Nasukuma na mguu kidogo tu... mmeona? Imesonga halafu ikarudi. Hiyo kurudi ndio shida. Elastiki haizuii mzigo, inaubembeleza. Ukipiga breki mzigo unaenda mbele ukivuta elastiki, halafu elastiki ikirudi inarudi na hasira, na ile ndoano ikitoka mahali imeshika inarukia uso wako, watu wameumia macho na hizi vitu. Mimi hutumia kushikilia jaketi, godoro nyepesi, kreti tupu. Kwa simiti, hapana.

Ya pili ni blada. Hii wote mnaijua, ile raba ya tyubu kuukuu watu wa mkokoteni na bodaboda wanafungia mizigo, nilichukua Gikomba, vipande vitano vya urefu kama wa mtu, shilingi 50 kila moja. Niliingia hii mambo nikiwa na imani na blada kushinda kila kitu kwa sababu nimeona mtu wa boda amefunga kochi nzima na hii na akatoka Kariobangi akafika salama. Lakini boda na gari si kitu moja, yeye anazungusha mara nane kwa chuma, mimi kwa buti la Vitz nitazungusha wapi? Ni plastiki kila mahali. Na pia inavutika, si kama elastiki lakini inavutika, na ikikaa kwa jua inaanza kupasuka hapa pembeni, hebu niwasogezee kamera... hizi nyufa ndogo ndogo, hii nayo ni ya miezi minne tu.

Msiitupe lakini. Nitarudi kwa blada.

Sasa racheti, ile mikanda yenye kifaa cha chuma cha kukazia. Hapa nilinunua mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilijifanya mjanja. Nilienda huko Kirinyaga Road nikapata pakiti ya mikanda minne kwa shilingi 1,200, nikajiona nimeokota. Duka sitataja. Haina lebo hata moja, mkanda mwembamba, hii hapa. Safari ya tatu nikasimama Ruai kuangalia mzigo, nikakuta ndoano imefunguka hivi, angalieni, ilikuwa imejikunja kama kidole, sasa imenyooka kama mkono wa mtu anaomba sarafu. Na mkanda wenyewe haukuwa umekatika, ni chuma ya ndoano ndio ilichoka.

Ya pili ni hii, miwili kwa shilingi 2,600. Ghali, najua, mama watoto pia alisema. Lakini kuna hii lebo imeshonwa hapa, na ndani mnaona LC halafu namba na hizo herufi daN. Usiogope, daN moja chukulia ni kama kilo moja ya nguvu. LC ndiyo nguvu mkanda unaruhusiwa kushika kila siku ukivutwa moja kwa moja, si ile ya kukatika, ya kukatika iko juu zaidi. Kuna wauzaji wanakusomea ile kubwa ya kukatika wakikuambia hii inabeba tani mbili, wewe itafute LC. Kama mkanda hauna lebo, hakuna mtu anajua unabeba nini, hata mwenye anakuuzia. Na usiupige fundo. Nimeona watu wanafunga fundo kwa sababu ni mrefu, fundo linaweza kukula karibu nusu ya nguvu ya mkanda.

Test yangu ilikuwa rahisi. Nilichukua kalamu ya wino nikachora mstari hapa kwa mkanda, pale unapoingia kwa racheti, halafu nikabeba mifuko mitatu kutoka Umoja hadi hapa, nikipita hizo bampu zote. Mstari haukusonga hata kidogo, racheti haikuteleza. Lakini mkanda wenyewe ulikuwa umelegea! Nikakaa hapo nikashangaa, ikawaje? Ni simiti. Mfuko ukitikiswa unakaa, unajipanga, unapungua kimo, na mkanda unabaki unaning'inia. Kwa hivyo mimi siku hizi nikishaondoka lazima nisimame baada ya kilomita chache, nikaze tena, halafu niende. Hiyo kitu hakuna mwenye aliniambia dukani.

Shida kubwa ya racheti kwa gari ndogo si racheti, ni utaifunga wapi. Zile ndoano za plastiki kwa buti ni za kuning'iniza mfuko wa sukumawiki, usifungie kitu hapo. Mimi natumia hizi chuma mbili, huwa ndizo siti ya nyuma inashika ikifungwa, zimechomelewa kwa bodi. Njia yenye nimezoea ni hii: siti ya nyuma imesimama, naweka mifuko chini kabisa kwa sakafu ya buti, imelala, imebana mgongo wa siti, hakuna nafasi katikati hata ya kupitisha mkono. Halafu naingia ndani nafunga mishipi ya abiria wa nyuma kama vile kuna watu wamekaa. Huo mshipi unasaidia kushikilia mgongo wa siti ukisukumwa na mzigo. Haikugharimu hata bob.

Unauliza kwa nini nasumbuka hivi na ni kilomita chache tu. Mfuko wa kilo 50 ukiwa kwa gari inaenda kilomita 50 kwa saa, na gari isimame ghafla kwa kugonga kitu, huo mfuko bado unaenda hiyo 50. Ukipiga hesabu ni sawa na uuangushe kutoka karibu mita kumi, yaani mtu amesimama ghorofa ya tatu amekuachilia simiti kichwani. Na ukienda mia haiwi mara mbili, inakuwa mara nne.

Sasa blada, nilisema nitarudi. Hii ndiyo kitu nimependa kushinda zote kwa hii video, na si kwa kufunga. Nilipasua tyubu nikailaza chini ya mzigo. Angalieni, huu mfuko uko kwa kapeti ya buti, nausukuma na kisigino... unateleza kama sabuni. Sasa uko juu ya blada, nasukuma... nasukuma... ni mimi ndio nimerudi nyuma! Breki kali inasukuma mzigo na nguvu kama asilimia 80 ya uzito wake, mifuko mitatu hapo ni kama kilo 120 zinataka kuja mbele, sasa raba inakula sehemu kubwa ya hiyo kabla mkanda haujaguswa. Shilingi 50! Weka blada chini, racheti juu.

Spesa sasa, vile vipande vinawekwa kwa springi kuinua gari, kwa sababu najua mtauliza. Fundi wa gereji alinishauri niweke spesa nyuma, gari iinuke, isigonge bampu. Niliweka. Iliinuka kweli, na ilinidanganya kweli, kwa sababu sasa nikibeba mzigo mwingi haionekani kama imezama. Spesa inainua bodi, springi ni ile ile, breki ni zile zile, na tairi ni ile ile. Hizi zangu zimeandikwa 81 hapa kando, hiyo maana yake kila tairi ni kilo 462 na hiyo ni ikiwa na upepo wa kutosha. Upepo angalia ile stika ya mlango wa dereva, pima tairi zikiwa baridi, kabla ya kupakia si baada.

Kuhusu keria, ile chuma ya kubebea mzigo kwa paa, nitapita haraka. Gari nyingi ndogo paa lake linaruhusiwa kati ya kilo 50 na 75, na hiyo ni pamoja na keria yenyewe. Kwa hivyo simiti juu ni mwiko kabisa, hata mfuko mmoja, uzito ukiwa juu gari inayumba kona zote. Nilibeba milango miwili ya flashi tu, nikafunga mbele na nyuma pia kwa ile ndoano ya kuvutia gari. Ukisikia mkanda unaimba kwa upepo kama nyuki, simama uupinde mara moja kabla ya kukaza tena, unanyamaza.

Kama una mzigo wa mifuko kumi kila wiki, kodi pikapu ama tafuta mwenye Probox, ile ya van Toyota yenyewe iliiweka kilo 400 ikiwa na watu wawili, ilizaliwa kwa hiyo kazi. Mimi mkanda wa 2,600 naupa nane kwa kumi, ule wa bila lebo nimeshakata ndoano zote, sasa ni wa kuanikia nguo. Elastiki tatu. Blada tisa, na mwenye aliniuzia hajui hata nilienda kuilalisha.

Wacha nizime hapa, mawingu yale yamekuja na bado nina mifuko mitatu kwa buti, na fundi ameniangalia hivi mara ya pili.