Kanuni za bure, mji wetu wenyewe: uzoefu wangu wa kuendesha Dungeons & Dragons kwa SRD 5.1

Jumapili ya kwanza hatukuwa na dadu ya pande 20. Nilikata vikaratasi 20, nikaviandika namba, nikavitia kwenye mkebe wa Blue Band. Kila aliyetaka kujua kama upanga wake umempata adui alitia mkono, akachomoa kimoja, akasoma, akakirudisha. Dadu za pande 6 tulizitoa kwenye ludo ya watoto wa jirani. Tulikuwa watano sebuleni kwetu Buruburu: mimi, binamu yangu, dada mmoja muuguzi anayekaa ploti ya pili, na marafiki wawili niliosoma nao sekondari. Tulianza saa nane mchana. Kufika saa mbili usiku hakuna aliyekuwa amekumbuka chakula.

Kitabu tulichotumia siku ile, na tunachokitumia hadi leo baada ya miezi 9, ni SRD 5.1 (System Reference Document), yaani kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zinazotolewa bure. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu nimekutana na watu wengi hapa mjini wanaoutamani mchezo huu, kisha wakiona bei ya vitabu vya kuagiza kutoka nje wanakata tamaa. Wasikate.

Kwa asiyeujua: mtu mmoja ni msimulizi, na kila mwingine ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza mahali na yanayotokea, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale jambo linapoweza kwenda huku au kule, dadu inaamua. Mwisho wa hadithi haujulikani na yeyote, hata msimulizi. Aliyekulia kwa bibi wa "Paukwa!" na kuitikia "Pakawa!" hana mengi ya kufundishwa, ila hapa wajukuu wanaruhusiwa kumkatiza bibi na kumpitisha sungura njia nyingine.

Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na toleo la tano lilitoka 2014. Januari 2023, baada ya mzozo mkubwa kati ya wachezaji na Wizards of the Coast, kampuni inayomiliki mchezo, kuhusu leseni ya zamani, kampuni iliweka SRD 5.1 yote chini ya leseni ya Creative Commons, CC BY 4.0. Unaweza kunakili, kutafsiri, kubadilisha, hata kuuza ulichotengeneza, mradi utaje chanzo, na ruhusa hiyo haifutwi kesho. Kwetu tunaocheza kwa Kiswahili, hapo ndipo penye utamu wote.

Faili ina kurasa takriban 400. Usichape zote. Mimi nilichapisha kurasa 70 kwenye saiba moja mjini: kuunda mhusika, mapigano, orodha ya vifaa na bei, na viumbe wachache niliojua nitawahitaji. Yaliyobaki yako kwenye simu, na hayali bando kwa kuwa faili ikishashushwa imeshashuka.

Kazi ya kwanza ilikuwa maneno. Tulianza tukichanganya lugha kama kila mtu Nairobi, lakini baada ya wiki mbili niliona jambo: mchezaji akitumia neno la Kiingereza, macho yake yanashuka kwenye karatasi, akitumia la Kiswahili, anainua uso na kusimulia. Basi tukaketi jioni nzima tukatafsiri. Tukapata uhai (kiasi cha kipigo ambacho mhusika anastahimili), kinga (ugumu wa kumpata kwa silaha), dadu ya kujinusuru (inayorushwa kuepuka hatari). Kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa tuliita nafuu; kuchukua ndogo, mkosi. Hii ni kanuni nzuri kuliko zote kitabuni. Ukihitaji 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, nafasi yako ni asilimia 50. Ukipewa nafuu inapanda hadi 75. Msimulizi hana haja ya kujumlisha na kutoa. Mchezaji akieleza jambo la akili, unamwambia tu, "Haya, una nafuu," na meza nzima inasisimka.

Neno lililotusumbua lilikuwa mchawi. Kwenye kitabu, msomi anayejifunza nguvu zake kutoka vitabuni ni kazi ya heshima kama nyingine. Kwa Kiswahili, mchawi ni mtu anayekuja usiku kukudhuru. Mama alipita na birika la chai akamsikia binamu yangu akisema, "Mimi ni mchawi wa ngazi ya kwanza," akasimama pale mlangoni. "Wanangu, hayo ni maneno gani katika nyumba hii?" Nilimweleza, akasikiliza, lakini nilijua ana haki. Neno lilikuwa baya kwa mhusika yule hata kama mama asingepita. Tulimgeuza kuwa mnajimu, mtu wa falaki, mwenye kitabu cha nyota na hesabu za miezi, aina ya msomi ambaye pwani inamjua tangu zamani. Mchawi tukamwachia adui. Anayeponya ni mganga. Anayetia wenzake nguvu kwa wimbo ni malenga, na hapo tukaongeza kanuni yetu: malenga akitunga beti papo hapo, yenye vina na mizani, anayetungiwa anapata nafuu juu ya kile kitabu kinachompa. Dada yetu muuguzi ndiye malenga. Siku tuliyokuwa tukirudi kutoka kusini, mawimbi yakipanda na nahodha amekata tamaa, alifumba macho kidogo kisha akasema:

Shikilia usukani, kusi imetufikia,
Hatuzami baharini, nyumbani twakaribia.

Mizani nane kwa nane, na hakuwa ameandika popote. Nahodha alirusha dadu mbili akapata 3 na 18.

Sasa niseme kuhusu dunia, kwa maana hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. SRD haina dunia ndani yake. Haina ramani, haina falme, haina historia. Ina orodha ya miungu ya kale ya Misri, Ugiriki na Ulaya ya kaskazini, ambayo hatukuigusa. Meza yetu ina Waislamu na Wakristo, tukakubaliana mapema kwamba dini za watu zibaki nje na mganga apate nguvu zake kwa mizimu ya mji. Mwanzoni niliona utupu huo kama pengo. Nilijaza daftari zima kwa falme 7, vita 3 na nasaba ya wafalme wa miaka 600. Wachezaji hawakuuliza hata swali moja kuhusu nasaba hiyo. Waliuliza: huyu mama anauza nini? Meli inaondoka lini? Kwa nini kisima kimefungwa?

Nikaweka daftari kando nikaanza upya kwa mji mmoja, bandari ya mawe inayoitwa Matumbawe, na pepo mbili. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kusi inayarudisha, kuanzia Aprili. Nilipoandika hayo mawili, mji ulianza kujiendesha. Kuna msimu wa wageni na msimu wa wenyeji. Kuna wafanyabiashara waliokosa kusi, wamekwama hadi mwaka ujao, wana madeni na wamechumbia. Kuna siku ya mwisho ya kuondoka ambayo hata sultani hawezi kuisogeza. Siku tunazihesabu kwa miongo, kumi kumi, kama mabaharia wa Kiswahili walivyohesabu tangu Siku ya Mwaka. Muda ukawa na uzito kwenye meza yetu: wahusika wakipoteza mwongo mmoja kulala na kujiponya, chombo kinaweza kuwaacha.

Na hapa orodha ya bei ya SRD ilinishangaza kwa wema wake. Ratili ya tangawizi ni sarafu 1 ya dhahabu, sawa na mbuzi mmoja. Mdalasini au pilipili manga ni 2, karafuu 3, zafarani 15. Aliyeandika orodha hiyo alikuwa akifikiria masoko ya Ulaya, lakini isome ukiwa umesimama bandarini na unaona biashara nzima ya bahari yetu. Mji wetu niliuweka katika zama za Kilwa ile aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331, na wakati huo karafuu haikuwa ikilimwa Unguja wala Pemba. Ilifika huko karne ya 19. Kwa hiyo Matumbawe karafuu inakuja na kaskazi kutoka mashariki ya mbali. Kisa chetu cha kwanza kikazaliwa hapo: Desemba ilipita, Januari ikapita, kaskazi haikuvuma, bei ya karafuu ikawa dhahabu 9, na mjini wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu ameufunga upepo fundo.

Vyombo ilibidi niviguse. Kitabu kinasema meli ya matanga huenda maili 2 kwa saa, maili 48 kwa mchana na usiku. Sisi tunasema ukienda na upepo, zidisha mara mbili. Ukienda kinyume, subiri bandarini. Chombo cha wahusika ni mtepe, ulioshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, tanga lake la mkeka. Futi nazo zilitusumbua hadi tulipoanza kutumia pima: mwendo wa mhusika wa kawaida ni futi 30 kwa raundi (zamu moja ya kila mtu), yaani pima 5, na mtu akinyoosha mikono yake miwili unaiona pima moja pale pale.

Viumbe ndiyo sehemu ambapo mwenye kuanza ataumia kama hajaonywa. SRD inakupa takwimu nyingi sana na maelezo machache. Hilo ni zuri kwa anayetaka kuvisha mifupa hiyo nyama yake. Nilitaka nunda, yule paka wa hadithi aliyekua hadi akala watu, nikachukua takwimu za chui wa kale mwenye meno marefu. Kiwango chake cha ugumu ni 2, uhai wake 52. Wahusika walikuwa wanne, ngazi ya kwanza, mwenye uhai mwingi ana 12. Kitabu kinasema kiwango 2 kinawafaa wanne wa ngazi ya pili. Nikajiambia tofauti ni ndogo. Kosa hilo ni langu. Raundi ya pili wawili walikuwa chini.

Lakini kanuni ya kufa ni nzuri mno. Aliyefikisha uhai 0 hafi hapo hapo. Kila zamu anarusha dadu ya pande 20. Akipata 10 au zaidi, ni hatua kuelekea uzima. Chini ya hapo, ni hatua kuelekea kaburini. Tatu za upande wowote zinamaliza shauri. Akipata 20 kamili, anainuka na uhai 1. Binamu yangu alikuwa ameshakosa mara mbili. Alitia mkono kwenye mkebe wa Blue Band, akachomoa kikaratasi, akakaa nacho kwenye ngumi bila kukifungua, na stima zikapotea mtaa mzima. Tukakifungua kwa tochi ya simu. Ilikuwa 14. Sijawahi kusikia kelele kama ile sebuleni kwetu, na nunda alikimbizwa kwa moto na vigelegele.

Kasoro zipo. Kila kazi ya mhusika, kati ya zote 12, ina tawi moja tu la kubobea. Malezi ya mhusika kabla ya safari yameelezwa aina moja peke yake, ya mtumishi wa hekalu. Tulijitungia mengine: mshona mitepe, mwana wa mchimba kisima, mpiga zumari wa harusi. Msimulizi mgeni hapewi ushauri wa namna ya kuongoza meza, na nafikiri hilo ndilo pungufu kubwa kuliko yote. Nilijifunza kwa kuharibu. Kama unaanza, weka wahusika ngazi ya kwanza dhidi ya fisi mmoja au majambazi wawili kwanza, uone pumzi yao.

Jambo moja tulilokubaliana na ambalo namwomba kila anayejenga dunia kwa mali ya kwetu alifikirie: kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zina wazee walio hai na mambo yanayotunzwa kwa siri hadi leo. Tuna mzee wa msitu kwenye mchezo wetu, lakini msitu wake ni wa kubuni na vitu vyake haviibwi na wahusika kama hazina. Magofu tumeyatumia bila woga. Nilikwenda Gedi na shule nikiwa kidato cha pili, na visima vile na milango ile ya matumbawe ndiyo ninayoieleza kila wahusika wanaposhuka mahali penye giza.

Toleo la SRD 5.2 lilitoka Aprili 2025, kwa leseni hiyo hiyo, likifuata kanuni zilizorekebishwa 2024. Sisi tutamaliza kisa hiki kwa 5.1, kwa kuwa karatasi zimeshaandikwa na maneno yetu yameshakaa. Dadu za kweli tunazo sasa, seti mbili. Mkebe bado uko mezani, na binamu yangu hakubali kutumia kingine anapojinusuru.

Mwaka 1944, kwenye Visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, ziliokotwa sarafu 5 za shaba za Kilwa. Jumapili iliyopita wahusika walimkuta baharia mzee Matumbawe mwenye sarafu ya shaba ya sultani wao, na akaapa kwamba aliipokea ufukweni ambako hakuna mtepe uliowahi kufika. Kusi inaanza baada ya miongo miwili. Wamekaa juma zima wakinitumia ujumbe kuuliza bei ya maji ya kunywa ya siku 90.