Honi ya Elite Dangerous: skana ya zamani, skana mpya, na nilivyozizoea zote mbili

Kwa miaka miwili na ushei, kila safari yangu ya anga ndani ya Elite Dangerous, gemu la kurusha vyombo vya angani, ilianza kwa namna moja. Unafika kwenye nyota, unakata kona upesi usiungue, unabonyeza kitufe na kukishikilia sekunde kadhaa, kisha chombo kizima kinatoa mlio mzito na mrefu, kama meli inayoaga gati. Wachezaji dunia nzima wanauita honi, na sisi tukaupokea vivyo hivyo. Mlio ukiisha, unafungua ramani na mfumo wote uko mbele yako: nyota, sayari, miezi, kila kimoja na picha yake ndogo. Hakijapimwa bado, hakina jina lako kama mgunduzi, ila unakiona.

Nilianza kucheza mwaka 2016. Gemu lenyewe lilitoka Desemba 2014, limetengenezwa na Frontier Developments wa Cambridge, Uingereza, na ndani yake wameweka galaksi yetu kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota bilioni 400. Safari yangu ya kwanza ya mbali nilikwenda Kilimia. Bibi yangu alikuwa akikitazama kilimia kujua msimu wa kupanda, nami nikataka kufika. Ni karibu miaka ya nuru 400 kutoka kwenye Jua letu, umbali ambao kwa mtafiti mzoefu wa gemu hili si kitu, lakini kwa kichombo nilichokuwa nacho siku hizo ilikuwa kazi ya jioni mbili. Nilipofika nikazima taa ya chumbani, nikakaa tu.

Baadaye nikanunua Asp Explorer, chombo chenye kioo kipana hadi chini ya miguu, na nikadunduliza mpaka nikapata skana kubwa, kifaa chenyewe kinachopiga honi, kwa krediti 1,545,000, pesa za ndani ya gemu. Skana ndogo iliishia sekunde za nuru 500 (sekunde moja ya nuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa sekunde moja), ya kati 1,000, na hii kubwa haikuwa na mpaka. Ukishakuwa nayo, jicho lako ndilo linaanza kusoma shule. Nilijifunza kutofautisha, kwa picha ndogo tu kwenye ramani, sayari ya maji na sayari inayofanana na Dunia. Ya maji ina buluu iliyotulia mno. Inayofanana na Dunia ina kahawia na kijani vilivyopasuliwa na bahari, na mawingu yake hayajapangika. Hakuna aliyenifundisha, wala hakuna kipimo kilichokuwa kinaniambia. Nilikuwa naona picha, moyo unashtuka, nageuza chombo.

Sasa niseme na ubaya wake, maana uliokuwepo haukuwa mdogo. Ili kuipima sayari ilibidi uifuate ilipo, uielekezee pua ya chombo na kusubiri. Nyota ya pili ya mfumo ikiwa sekunde za nuru laki mbili kutoka ulipo, unakaa robo saa nzima unatazama namba zikishuka. Wengi hawakwenda. Piga honi, tupia jicho ramani, jaza mafuta kwenye nyota, ruka hadi mfumo mwingine. Mifumo mia kwa usiku mmoja, na kati ya hiyo mia umesimama mitatu. Na ukitaka kuona chemchemi za mvuke kwenye mwezi fulani, ulikuwa unazitafuta kwa macho, unaruka chini chini juu ya ardhi iliyo sawa kwa upana na nchi nzima. Mwaka 2017 niliupata mwezi mmoja wenye dalili zote za volkeno, nikautafuta mvuke kwa jioni tatu, nikaondoka mikono mitupu. Mwezi huo nitaurudia.

Tarehe 11 Desemba 2018 likaja toleo la 3.3, sura ya mwisho ya mfululizo walioupa jina Beyond. Zile skana tatu hazikuwepo tena. Honi ilibaki, mlio ni ule ule, lakini ukifungua ramani hukuti picha. Unaambiwa tu kwamba mfumo una vitu 27, na umegundua viwili. Vilivyobaki uvitafute mwenyewe kwa skana mpya, kifaa kinachofanya kazi kama redio.

Usiku ule ule rafiki yangu wa Mombasa, tuliyekuwa tunacheza naye tangu mwanzo, alinipigia. Hakusalimu.

"Kaka, wameniziba macho."

Nikamwambia tulia, jaribu siku mbili tatu. Akasema hana haja ya siku mbili, amekuja kusafiri, hakuja kutafuta stesheni ya redio. Na hakuwa peke yake. Wachezaji waligawanyika pande mbili kwa ukali ambao sijauona tena katika gemu hili. Upande mmoja ulisema hatimaye utafiti umekuwa kazi yenye ufundi, si kupiga honi na kuondoka. Upande wa pili ulisema hiki ni kigemu ndani ya gemu, kimewekwa kati ya mtu na nyota zake, na huna ruhusa ya kukiruka. Miezi mingi nilisikia hoja hizo zikirudiwa, na kwa maoni yangu pande zote zilikuwa na haki kuliko zilivyokuwa tayari kupeana.

Nieleze kinavyofanya kazi, kwa sababu kwa maneno matupu kinasikika kibaya kuliko kilivyo. Unapunguza mwendo hadi sifuri, unafungua skana, na chombo kinatoweka: unabaki na anga yenye rangi ya buluu na mstari wa masafa chini ya kioo. Kwenye mstari kuna vilima vidogo. Kila aina ya kitu ina mahali pake, mikusanyiko ya mawe kushoto kabisa, sayari kubwa za gesi kulia kabisa. Unavuta kipimo hadi kwenye kilima, unazungusha jicho angani mpaka uone duara linalopwita, unalivuta karibu. Likikaa sawasawa, sayari inajitokeza, nzima, imepimwa, bila wewe kusogea hata hatua. Ile nyota ya pili ya robo saa? Sekunde kumi.

Wiki ya kwanza nilikichukia. Nilikuwa nakosea masafa, nazoa anga bure, macho yanauma. Wiki ya pili nikavaa hedifoni, na hapo ndipo mambo yakabadilika. Kila aina ya sayari ina sauti yake. Barafu haisikiki kama mwamba, gesi haisikiki kama maji. Usiku mmoja, nikiwa mbali na kila kituo, nikavuta kipimo juu ya kilima kimoja chembamba karibu na upande wa kulia, na kikaja kitu sijawahi kukisikia, laini, kama pumzi ya mtu aliyelala. Nikazungusha jicho taratibu, nikavuta. Bahari, nchi kavu, mawingu. Sayari inayofanana na Dunia, haina jina la mtu. Miaka miwili nilikuwa nazitambua kwa jicho, na hii nimeitambua kwa sikio kabla sijaiona. Nilitetemeka mikono, sisemi kwa kutia chumvi.

Kwa hiyo siwezi kukaa upande wa wanaosema skana mpya haina thamani. Lakini rafiki yangu alikuwa na hoja ambayo watu wa upande wangu hawakuisikiliza. Zamani, ramani ilikupa chaguo. Ulitazama umbo la mfumo kwa pamoja, jinsi nyota mbili zinavyozungukana na sayari moja imekwama katikati, mwezi una mwezi wake, ukasema: kule nataka kusimama. Leo umbo hilo unaliona ukiwa umeshamaliza kazi. Mfumo wa vitu 70 saa sita usiku ni mtihani: ama uupime wote, ama uondoke ukijua kuna kitu umekiacha gizani. Na kuna jingine. Zamani ili upime ilibidi uende, na njiani ulikuwa unaziona pete zikifunguka, unaona jua la pili likichomoza nyuma ya sayari. Sasa unapima sayari 30 ukiwa umesimama palepale ulipoingilia, huku nyota yenyewe imejaa mgongoni mwako. Umezijua zote, hukuitembelea hata moja. Ukiizoea mistari, kweli unaanza kuisoma mara tu baada ya honi, unajua kuna gesi nne na pengine sayari ya maji, na hilo linarudisha chaguo kidogo. Kidogo tu.

Probu, vipimaji vidogo vya kufyatua vilivyokuja na toleo hilo hilo, ndizo zilizoniteka moyo moja kwa moja. Ukishaigundua sayari kwa redio, ukitaka kuichora ramani lazima ufike. Unasimama juu yake, unafyatua probu, na mvuto wa sayari unazishika. Ukilenga katikati zinaanguka mbele yako. Ukilenga nje kidogo ya ukingo zinapinda, zinazunguka, zinatua upande wa nyuma usiouona. Hazina gharama wala haziishi, ila gemu linakutajia idadi ya kulenga, tuseme sita, na ukimaliza kwa hizo au pungufu unapata nyongeza. Mara za kwanza nilitumia kumi na moja. Sasa kwa sayari ndogo mkono unajua wenyewe: nne kuzunguka ukingo, moja mbele, moja ya mbali sana iende kulala nyuma. Kuna raha katika kuitazama ile ya mwisho ikipotea ukingoni na kusubiri uone kama uso umefungika. Na jina lako linawekwa mara ya pili, la aliyegundua kwanza na la aliyechora kwanza. Pete nazo huchorwa hivyo hivyo, zikaonyesha sehemu zenye madini, na wachimbaji mwaka 2019 walivuna wee.

Sasa ule mwezi. Niliurudia mwaka 2019, ni jumla ya miruko thelathini na kitu kutoka nilipokuwa. Probu tano. Ramani ilipofungika, orodha ikaonyesha maeneo ya volkeno, yote upande wa kusini, mbali kabisa na kule nilikozunguka jioni tatu mwaka 2017. Nikashuka upande wa usiku, na toleo lile lile lilikuwa limeleta kifaa cha kuonea gizani, kwa hiyo kwa mara ya kwanza niliona ardhi ya kutua badala ya kubahatisha. Nikatoa gari, nikaenda taratibu juu ya mawe. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye nyufa, mweupe, unapanda juu wima kwa kuwa hakuna hewa ya kuupeperusha. Nilizima injini. Yeyote anayesema mabadiliko yale hayakuleta kitu, ningependa angekuwa amekaa pale na mimi.

Tarehe 13 Januari 2019, mwezi mmoja tu baada ya toleo, ukaanza msafara mkubwa wa Distant Worlds 2, wachezaji zaidi ya 10,000, kutoka mfumo wa Pallaeni hadi ule wa Beagle Point upande wa pili wa galaksi, miaka ya nuru kama 65,000 kutoka nyumbani. Nilijiandikisha. Njiani msafara ulichangia madini na kituo kikajengwa karibu na shimo jeusi la Sagittarius A*, katikati ya galaksi. Nilichokiona humo ni kwamba ubishi ulipungua kwa kufanya kazi. Watu waliokuwa wakilalamika Desemba walikuwa Machi wanaelekezana namna ya kupindisha probu. Wengine waliacha kabisa, na nawaheshimu, kwa sababu walichokipenda kiliondolewa na hakuna aliyewarudishia. Hilo ndilo kosa ninalolihesabu katika jambo zima. Kuongeza skana ya redio ilikuwa sawa. Kuiondoa ile ya zamani kabisa haikuwa lazima. Ingewekwa kama kifaa cha kununua, kizito, kinachokula nafasi na umeme wa chombo, anayetaka kuona kwanza alipie, anayetaka kusikiliza asikilize.

Kama unafikiria kununua leo, jua mambo machache. Gemu halichezeki bila intaneti, hata ukichagua kucheza peke yako. Kwa upande wangu bando haliliwi sana ninapokuwa mbali na watu, lakini kulipakua ni jambo jingine, tafuta mtandao wa kazini au wa jamaa. Nyongeza ya Odyssey ya Mei 2021 inakuruhusu kushuka kwa miguu na kuchukua sampuli za mimea, tatu tatu kwa umbali. Bila probu usingejua uanzie wapi, kwa hiyo hapo mabadiliko ya 2018 yanaonyesha faida yake. Na nunua hedifoni nzuri kabla ya joistiki.

Rafiki yangu aliacha mwaka 2019. Alirudi 2024, pale ilipoletwa injini mpya ya SCO inayokimbiza chombo ndani ya mfumo kwa kasi ambayo zamani hatukuiota. Lakini skana ya redio haigusi hadi leo. Anapiga honi, anasoma mistari, kisha anatembea mwendo wa kutosha na kutazama angani ni nukta ipi inayosogea wakati nyingine zimetulia. Inayosogea ni sayari. Anaifuata mpaka aikaribie kiasi cha chombo kuitambua chenyewe. Wiki iliyopita tulikuwa mfumo mmoja, wenye vitu 31. Baada ya dakika ishirini mimi nilikuwa nimevimaliza vyote 31, bila kutoka karibu na nyota. Yeye alikuwa na sita. Nikamuuliza yuko wapi, akasema yuko ndani ya kivuli cha pete za ile ya nne, jua linapita kwenye mianya, na kama nina nafasi nije.

Nikafunga skana, nikaenda.