Kabla ya mpira wa kupumulia kuingia kooni: kubonyeza ambu au kusubiri?

Mgonjwa ameshachomwa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli. Hapumui tena, na laringoskopu, kifaa cha kuonea koo, bado haijaingia mdomoni. Katika dakika hiyo moja hivi, wahudumu wa dharura hapa Dar wana kambi mbili: wanaosubiri tu, na wanaobonyeza ambu, yaani mfuko wenye barakoa wa kumsukumia mgonjwa hewa.

Wanaosubiri wanahofia tumbo: ukisukuma hewa litajaa, chakula kipande juu hadi kooni, kisha kishukie mapafuni. Hofu ya haki, hasa kwa majeruhi wa bodaboda aliyetoka kula.

Wanaobonyeza wana ushahidi. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, wagonjwa mahututi 401 wa ICU, oksijeni ya damu ilishuka chini ya 80% kwa 10.9% ya waliobonyezewa, dhidi ya 22.8% ya wasiobonyezewa. Kupaliwa, yaani chakula kuingia mapafuni, hakukuonekana kuongezeka, ingawa waliokuwa wakitapika hawakuingizwa humo.

Mimi niko na ambu, ila kwa mkono mpole: mmoja abane barakoa kwa mikono miwili, mwenzake abonyeze pumzi 10 kwa dakika, kifua kinyanyuke kidogo tu. Anayetapika damu, usimbonyeze. Mvute uchafu kwanza.