Kliniki ya tiba ya viungo, Milimani, Kisumu: mguu ulioteguka na maelezo niliyopewa

Asubuhi moja nilikanyaga jiwe nikiteremka mlima wa Riat, mguu wa kulia ukapinda kwa ndani, na kabla sijafika barabarani kifundo kilikuwa kimefura hata kiatu kikanibana. Mahali pa kwanza nilipokimbilia nilipigwa picha, nikaambiwa mfupa ni mzima, kisha nikachuliwa kwa dawa ya moto hadi machozi yakanitoka. Kesho yake uvimbe ulikuwa umepanda hadi ugokoni. Kwa sababu hiyo naishukuru mno kliniki ndogo ya Milimani iliyonihudumia baadaye kwa wiki nane.

Mtaalamu alieleza kwanza ndipo akanishika. “Mwalimu, sisi huviita vyote mshipa,” alisema, “lakini haviumii kwa namna moja.” Msuli ukivutwa kupita uwezo wake, nyuzi zake hukatika; kano, linaloushikanisha msuli na mfupa, mara nyingi huchoshwa na kazi ile ile inayorudiwa kila siku, na hupona polepole kwa kuwa damu inayolifikia ni chache; nayo ligamenti, inayofunga mfupa kwa mfupa, huchanika kiungo kinapopinda ghafla. Akabonyeza kwa kidole gumba mbele kidogo ya nundu ya nje ya kifundo, nami nikashtuka kwa maumivu. Hapo, alisema, ndipo ilipo ligamenti inayoumia zaidi kwa watu wanaoteguka namna yangu. Alivuta kisigino mbele taratibu, akalinganisha na mguu wa kushoto, akaniambia imechanika nusu, yaani daraja la pili kati ya matatu. Kuhusu kuchuliwa alinieleza kwamba siku za mwanzo kunaweza kuzidisha damu inayovuja ndani ya jeraha.

Kilichonisaidia kuliko yote ni zoezi la kusimama kwa mguu mmoja. Ligamenti ina neva zinazoujulisha ubongo kiungo kimekaaje, na zisipozoezwa upya mtu huteguka tena na tena mahali pale pale, jambo ambalo nimeliona kwa wanafunzi wangu wengi wanaorudi uwanjani mara tu maumivu yanapopoa. Nilisimama hivyo kila asubuhi nikipiga mswaki. Mwanzoni sikufikisha sekunde 5, wiki ya saba nikafikisha 30 nikiwa nimefumba macho.

Kikao kilinigharimu shilingi 1,500, bei ambayo si ndogo, ila sikuharakishwa hata mara moja. Lawama yangu ni kwamba kliniki iko ghorofa ya pili pasipo lifti, na si haki mgonjwa wa goti au kifundo kupandishwa ngazi kali namna ile. Mazoezi nayo hayaandikwi. Niliyanakili mwenyewe nyuma ya risiti.

Siku ya mwisho alinitaka nizishuke ngazi hizo hizo kwa kuruka kwa mguu wa kulia pekee, naye akatangulia vidato viwili chini yangu, mikono ameinyosha.