Dripu za zabibu kwenye banda la nguruwe: zinapoza kweli

Nafuga nguruwe wazazi Veyula, Dodoma, na kitu ninachotaka kukisifia ni mpira mweusi wa dripu, ule ule wanaoutandaza wakulima wa zabibu. Wangu umefungwa juu ya vyumba vya kuzalia, unamdondoshea maji mabegani mama anayenyonyesha. Vifaa nilinunua duka moja la umwagiliaji karibu na soko la Majengo, na wao wenyewe wakaniletea fundi. Kwa vyumba vinne, pamoja na chujio, koki na ufundi, nililipa shilingi 280,000. Simtanki nilikuwa nalo tayari.

Asiyefuga atashangaa kwa nini mnyama aogeshwe kwa matone. Nguruwe hana jasho la kumpoza. Mama anayenyonyesha anajisikia vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 22 hivi, wakati watoto wake siku za mwanzo wanataka nyuzi 32 hadi 35, na wote wamo chumba kimoja! Oktoba na Novemba hapa kwetu jua la mchana linapita nyuzi 30, na chini ya bati ni zaidi. Mama akizidiwa anaacha chakula, maziwa yanapungua, na watoto wanadumaa mbele ya macho yako. Ukimwaga maji chumba kizima, watoto wanaloa, wanapigwa baridi, wanaanza kuharisha. Tone la begani linampata mama peke yake, na hiyo ndiyo sababu nimelipenda.

Fundi alinifundisha jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. "Mama, usiache koki wazi mchana kutwa," aliniambia. "Maji yakikauka ndipo nguruwe anapoa." Kwa hiyo tunafungulia dakika mbili tatu, tunafunga kama dakika kumi ngozi ikauke, tunarudia, kuanzia saa tano mpaka jua lilegee. Hewa kavu ya Dodoma inasaidia sana hapo, maana maji yanakauka upesi. Januari mvua zikishachanganya, unyevu unapanda na nafuu inapungua. Wakati huo tegemeo langu kubwa ni upepo.

Matokeo niliyaona kwenye ubavu. Nguruwe aliyetulia huhema taratibu, chini ya mara 30 kwa dakika. Wangu mchana wa kiangazi walikuwa wanapita 50, wamelala wamenyoosha shingo, pumba hazijaguswa. Dripu zilipoanza, kuhema kulishuka, na jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kuwaona wakiinuka kula jioni bila kusukumwa. Chakula kikubwa bado nawapa alfajiri na baada ya jua kuzama, na huo utaratibu siuachi.

Huduma ya fundi naisifu kwa moyo wote. Nilimtaka abadilishe viatu na kunawa kabla ya kuingia, kwa sababu homa ya nguruwe haina tiba na inabebwa hata na buti. Hakunung'unika, alivaa buti za banda langu akaendelea na kazi. Kisha, bila kuombwa, alichimba mtaro akalifukia bomba linalotoka kwenye tanki. Bomba likilala juani, saa nane mchana maji yanatoka ya moto, na mama anayenyonyesha anahitaji lita 20 hadi 40 za kunywa kwa siku. Akikuta yanaunguza hanywi ya kutosha. Dripu hazichukui nafasi ya maji ya kunywa hata kidogo.

Alipima pia tone liangukie wapi: nyuma ya masikio, juu ya mabega. Likiingia sikioni linamsumbua, likiangukia kihori unga unachacha. Vyumba vyangu vina vyuma vinavyomzuia mama asigeuke, ndiyo maana kipimo kimeshika. Kama vyumba vyako ni vya wazi, weka matone upande wa mfereji, mbali na kona ya watoto, na sakafu iwe na mteremko. Nguruwe mwenyewe atafuata ubaridi.

Kasoro ipo, na ni kubwa kwa mtu wa Dodoma. Maji ya kisima changu yana chumvi, na vitundu vya dripu vinaziba kwa ukoko mweupe. Chujio linakamata mchanga. Chumvi iliyoyeyuka inapita. Dukani hawakuniuliza natumia maji gani, na walipaswa kuuliza. Sasa tunavifungua vichwa vinavyotoa matone, tunavilaza kwenye siki usiku, asubuhi tunavisuuza. Ukienda kununua, dai vichwa vinavyofunguka, maana vilivyoshonwa moja kwa moja kwenye mpira vikiziba ndiyo basi.

Natoa nyota nne kati ya tano. Kinachofuata ni chumba cha dume. Joto huharibu mbegu zake, na hasara yake unaiona wiki kadhaa baadaye, majike aliowapanda wanapotaka dume tena badala ya kushika mimba. Yeye anazunguka chumbani, kwa hiyo tone la sehemu moja halimfai. Nimeagiza vichwa vya kurusha matone makubwa yanayolowesha ngozi. Mwenye banda lililojengwa kuta mpaka kwenye bati aanze na kubomoa sehemu ya juu upepo upite, kabla hajanunua mpira hata mita moja.